Viputo kwenye Paa la Nusunusu

Ukitaka kujua kama mtu ana subira ya kweli, mpe resini na kalibu ya silikoni, halafu mwambie atoe gari dogo lisilo na kiputo hata kimoja kwenye ukingo wa paa. Mimi nilikuwa nikijihesabu miongoni mwa wenye subira. Kazini natengeneza meno ya bandia, na meno hayataki pupa: jino likizidi kidogo tu, mgonjwa anarudi kulalamika kwamba mdomo haufungi, na mdomo usiofungwa unalalamika mchana kutwa. Lakini meno hayajawahi kunifanya nirushe kiatu ukutani. Nusunusu lilinifanya.

Nusunusu lilikuwa brekidauni la baba. Baba alikuwa fundi wa bodi za magari, yeye na rafiki yake mmoja mrefu, mwembamba, ambaye kila mtu alimwita Spana. Walipofungua gereji hawakuwa na uwezo wa kununua gari la kuvutia magari mabovu, basi wakaliunda. Mbele walichukua kichwa cha lori lililopinduka, nyuma wakachukua fremu ya gari la maziwa lililoungua injini, wakakata hapa, wakaunga pale, wakasimika kreni ya mabomba. Siku lilipotoka barabarani watu walicheka, wakalibandika jina hilo. Likaja kuvuta magari ya wale wale waliocheka. Gereji ilipofungwa liliuzwa kama chuma chakavu, zikabaki picha chache zilizoanza kufifia.

Wapo wanaonunua magari ya mfano kwenye boksi, vipande vyote tayari, kazi yao ni gundi na rangi tu. Nusunusu huwezi kulipata kwenye boksi, maana hakuna kiwanda duniani kilichowahi kulitengeneza. Nililiunda mwenyewe kwa kutazama picha: bapa za plastiki nyeupe nilizozikata kwa kisu, puti ya kuziba mashimo, msasa, halafu puti tena na msasa tena, kila kitu kimepunguzwa mara arobaini na tatu. Hilo la kwanza naliita gari mama. Gari mama unalizamisha kwenye silikoni, silikoni ikiganda unapata kalibu, na ndani ya kalibu unamimina resini, ile plastiki ya maji inayoganda, ili upate watoto. Ukisikia hivyo unaona kazi rahisi. Na mimi nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza niliona rahisi.

"Spana anahama," baba aliniambia Jumapili, akiwa amesimama mlangoni pa stoo niliyoigeuza chumba cha kazi. Anaishi nasi tangu mama afariki. "Binti yake anakuja kumchukua Jumamosi. Atakaa huko huko kwake."

"Kule mbali?"

"Kule kule. Na figo zile, harudi." Akakwangua mwimo wa mlango kwa ukucha. "Siwezi kwenda kumuaga hivi hivi. Mkono mtupu haulambwi. Nataka nimpe Nusunusu."

"Utalipata, baba."

"Hilo hapo vipi?"

Alikuwa akinyooshea kidole mtoto niliyemtoa kwenye kalibu muda si mrefu. Nilimwonyesha ukingo wa paa. Kulikuwa na viputo vitatu vimejipanga, vishimo vidogo vya hewa iliyokwama resini ilipokuwa ikiganda. Baba alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akalisogeza gari karibu na pua.

"Sioni kitu."

"Mimi naona."

"Spana ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Ataona nini?"

"Baba, gari lenye viputo halitoki chumba hiki," nikasema, na nikalitupa kwenye ndoo pamoja na wenzake.

Hiyo ndiyo sheria yangu. Sikuitunga kwa ajili ya kumuudhi mzee. Mtu akishika gari langu nataka ashike gari, asishike visingizio vyangu. Baba alitazama ndoo, akaondoka bila kuaga. Mke wangu, aliyekuwa jikoni akisikia kila neno, akasema kwa sauti ya kunifikia, "Magari ndoo nzima, na sote tunatembea kwa miguu."

Jumatatu nilitoboa njia mpya ya hewa kwenye kalibu, karibu na paa, ili viputo vipate pa kutokea. Vikahama, vikaenda kukaa kwenye boneti. Jumanne nikailaza kalibu upande. Viputo vikarudi paani, safari hii vikubwa. Nilijaribu kuipasha resini moto, ikaganda ndani ya kikombe kabla sijaimimina, nikabaki nimeshika kijiti kilichosimama wima chenyewe. Hapo ndipo kiatu kilipokwenda ukutani. Kila baada ya kazi baba alikuja mlangoni, akauliza, "Vipi?" na kila mara nikajibu, "Bado," nikasikia sauti yangu mwenyewe inavyozidi kuwa kali. Alikuwa akiuliza swali halali, na bado nilitamani aache kuuliza.

Dawa ya viputo naijua. Kazini kwetu kuna sufuria nzito ya chuma, tunaifunga kwa skurubu na kuijaza hewa kwa pampu, ili plastiki ya meno igande chini ya mgandamizo. Hewa ikibanwa namna hiyo viputo vinasinyaa hadi havionekani kabisa. Kalibu ya Nusunusu ingeenea humo bila shida. Shida ilikuwa bosi wangu, mama mmoja asiyecheka na mtu saa za kazi.

"Vyombo vya meno ni vya meno," alinijibu Jumatatu. Jumanne alinijibu hivyo hivyo, bila hata kuinua kichwa.

Jumatano kalibu ilichanika. Ilichanika pale pale kwenye kona ya paa, kipande kikang'oka na mtoto. Haikunishtua sana, silikoni nayo huchoka, na kopo la akiba ninalo. Nilifungua kopo. Nililiacha limejaa zaidi ya nusu, nikalikuta limebaki chini ya robo. Nikatazama kijisanduku cha vioo, vile vipande vya plastiki angavu nilivyovikata kimoja kimoja kwa ajili ya madirisha ya kebini. Seti moja haikuwepo.

Akili yangu ilikwenda moja kwa moja kwa shemeji, kaka yake mke wangu, aliyekuja Jumapili na ambaye vitu vikikutana naye huwa havirudi. Bado ana ngazi yangu. Nilimuuliza mke wangu, nikidhani nauliza kwa upole.

"Kaka yangu afanye nini na silikoni?"

"Anaziba bomba la bafuni. Sijui. Ninachojua, kikulacho ki nguoni mwako."

"Nguo ipi hiyo," akasema, "ya kwetu au ya kwenu?"

Nikapiga magoti kutafuta vioo chini ya kitanda, huenda vilidondoka vikaburutwa na ufagio. Yeye akasimama juu yangu, mikono kiunoni. "Mtaka cha mvunguni," akaanza, na akaniachia nimalizie mwenyewe. Hatukuongea tena mpaka kesho yake.

Kwa silikoni ile iliyobaki nilitengeneza kalibu mpya, nyembamba ubavuni kuliko inavyotakiwa. Nilijua nakosea, nikafanya, kwa sababu Jumamosi haikuwa ikinisubiri. Mtoto wa kwanza alitoka na kitambi mlangoni, kalibu ilikuwa imevimba. Nikaibana kwa vibao viwili na mipira. Mtoto wa pili hakuwa na kitambi. Alikuwa na viputo.

Alhamisi jioni nilikuwa nimekaa mbele ya hao wawili, sifanyi lolote, baba alipoingia na kitu kilichofunikwa taulo. Alikiweka mezani taratibu.

"Wewe bwana, hebu nieleze jambo moja," akasema. "Vioo vyako mbona havikai?"

Akafunua taulo. Lilikuwa Nusunusu, lina rangi ya maziwa yaliyochacha. Kwanza sikuelewa nilichokuwa nakitazama. Nikaliinua. Kwenye mlango wa kushoto, chini ya kitasa, kulikuwa na mkwaruzo mfupi, ule uliotokea kisu kiliponiteleza nikiwa bado naunda gari mama, nikasema nitauziba kisha nikasahau. Watoto wangu wote wanao. Huyu naye alikuwa nao. Lakini nilipolipima kwa kalipa, kile kipimo cha kubana, lilikuwa fupi kuliko la kwangu, na paa lake halikuwa na viputo.

"Baba, hili umelitoa wapi?"

"Nimelitengeneza."

Mzee alikuwa amechukua gari moja kwenye ndoo. Akaziba viputo vyake kwa puti ya magari, akapiga msasa, akalifanya ndilo gari mama lake. Akachukua silikoni yangu, akalimiminia ndani ya kopo la siagi, nusu leo, nusu kesho, na kati ya nusu na nusu akapaka mafuta ya mgando ili zisishikane. Hatua zote alikuwa ameniona nikizifanya, na mimi nilidhani anasimama pale mlangoni kunihimiza tu. Kisha resini yangu. Yote hayo chumbani kwake, dirisha wazi, wakati sisi tuko kazini.

"Kwa nini hukulichukua lile la ndoo tu, ukalipaka rangi?"

"La ndoo umelitupa. Siwezi kumpelekea Spana kitu kilichotupwa." Akakaa kwenye kiti changu. "Na ulisema lenye viputo halitoki chumba hiki. Hili halikuzaliwa chumba hiki."

Nilitaka kucheka, ila hasira ilitangulia. Sisi tunaounda magari madogo tuna dhambi nyingi tunazosameheana, moja hatusamehe: kuchukua gari la mwenzio, ukalitengenezea kalibu, ukatoa watoto ukasema ni wako. Watu wamevunja urafiki wa miaka kwa jambo hilo. Namna ya kumkamata mwizi ni kupima. Silikoni na resini husinyaa kidogo kila zinapoganda, kwa hiyo mtoto ni mdogo kuliko mama, na mtoto wa mtoto ni mdogo zaidi. Ndiyo maana vioo vyangu havikukaa. Baba alikuwa amejileta mwenyewe, na ushahidi mkononi, kuniuliza kwa nini vipuri vya mwenyewe havilienei gari la wizi.

Nikamweleza yote. Nikamwambia na jina la kitendo hicho.

"Wizi," akasema.

"Kwetu sisi ni wizi, baba."

"Nimemwibia nani?"

"Mimi."

"Gari la nani hili?"

Nikalirudisha gari mezani.

"Kichwa nilikikata mimi," akasema. "Nyuma aliunga Spana, amelala chini ya fremu, cheche zinamwangukia kifuani. Wewe ulipolichukua ukalipunguza mara hizo zako ngapi sijui, ulikuja kutuomba ruhusa?"

Hilo lilinikasirisha kuliko silikoni. Nilimwambia gari lake ni zuri kwa mtu anayeanza. Alinitazama kama ninavyowatazama wagonjwa wanaonifundisha kutengeneza meno, akalifunika taulo, akaondoka nalo. Nilikwenda kumwomba radhi mke wangu juu ya kaka yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ngazi ni kweli anayo.

Ijumaa bosi alinikuta nimeegemea ile sufuria, nimeiwekea kiganja juu. Sijui uso wangu ulikuwaje. "Kesho asubuhi, kabla hatujafungua," akasema. "Ikinuka utaisafisha kwa mswaki wako mwenyewe." Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nilimkuta baba uani amelivika Nusunusu lake rangi ya buluu ya geti letu, kwa brashi ile ile ya geti, nene, nywele mbili za brashi zimeganda kwenye boneti.

"Nipe chesisi," akasema.

Chesisi ya kwangu, ile fremu ya chini ya gari, ilikuwa moja tu. Ya shaba, nimeilehemu kwa mkono, magurudumu yanazunguka, usukani ukigusa unageuka. Ndiyo sehemu pekee ya kazi ile iliyokubali kutoka bila kunitukana.

"Ni ya gari la kesho, baba. Kesho litatoka safi, nina uhakika. Utampelekea zuri."

"Tangu Jumapili una uhakika."

"Kesho ni kesho."

Hakubisha. Ningemjua baba yangu vizuri ningeondoka na ile chesisi mfukoni.

Jumamosi asubuhi nilimimina resini, nikafunga sufuria, nikapiga pampu, nikakaa juu ya stuli kuikodolea macho. Nilipofungua na kuipasua kalibu, Nusunusu lilitoka. Nililigeuza juu chini, nikalipeleka dirishani, nikapitisha ulimi kwenye ukingo wa paa, maana ulimi husema kweli kuliko jicho, na hilo ni jambo tunalolijua sisi wa meno. Hakuna kiputo. Nililifunga kwenye kitambaa, nikasafisha sufuria kwa mswaki, nikaenda nyumbani nusu nakimbia.

Baba alikuwa kwenye meza yangu, kwenye kiti changu, na msumeno wa chuma. Chesisi yangu ilikuwa imekatwa katikati. Si hivyo tu, ilikuwa tayari imeungwa tena, fupi kidogo, na juu ya kiungo kulikuwa na donge la lehemu la ukubwa wa punje ya mahindi. Gari lake la buluu lilikuwa limekaa juu yake, limeenea sawasawa. Vioo alikuwa amevipunguza kwa mkasi wa kucha wa mke wangu.

"Ilikuwa ndefu," akasema. "Nimekata, nimepunguza, nimeunga."

Kulikuwa na maneno mengi mdomoni mwangu na hakuna hata moja linalosemwa kwa baba. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Nikaliacha gari langu mfukoni, bila magurudumu, nikamshika mkono tukaenda.

Kwa Spana mabegi yalikuwa tayari kizingitini. Binti yake alitukaribisha kwa haraka ya mtu mwenye safari, akatuonyesha alipo. Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi mapajani, mrefu bado hata akiwa amekaa, lakini mikono ilikuwa imebaki mifupa na mishipa tu. Nilimwamkia, akaitikia huku uso wake ukitafuta sauti ilikotoka.

Baba alimsogelea. Alimwekea gari kiganjani.

Spana alilishika kwa mikono yote miwili. Kidole gumba kikapita kwenye kichwa cha lori, kikapanda kwenye kreni, kikaisukuma ndoano ikayumba. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri, ikamshika buluu vidoleni. Kisha akaligeuza. Kidole kikatambaa kwenye chesisi mpaka kwenye donge la lehemu, kikasimama hapo.

"Hapa ndipo tulipounga," akasema.

"Hapo hapo."

"Na lehemu hii mbaya ni yako."

"Ile mbaya ilikuwa yako. Mimi niliunga kreni."

"Wewe? Wewe ulikuwa umeshika taa, tena ulikuwa ukinimulika machoni." Akalipima uzito kidogo. "Mbona dogo hivi?"

"Huyu anasema husinyaa. Ukitoa mtoto kwa mtoto, linasinyaa."

"Kama sisi," akasema Spana, na baba akacheka, kisha akageukia dirisha.

Hapo ningeweza kunyamaza. Mtu mwenye subira angenyamaza. Lakini nilikuwa nimehangaika wiki nzima kwa ajili ya wazee hawa wawili, nikagombana na mke wangu, nikamsujudia bosi, na mfukoni nilikuwa na kitu kilichotoka kama kinavyotakiwa kutoka. Nilifungua kitambaa, nikampa baba.

Alilipokea. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alilizungusha lote, akapitisha kidole ukingoni mwa paa, mbele na nyuma, taratibu, fundi wa bodi anavyotafuta kilichojificha chini ya rangi.

"Safi," akasema. "Halina hata kiputo."

Nikangoja.

"La nani hili?"

Hakuwa akinikejeli. Aliuliza kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani, anataka kumrudishia mwenyewe. Spana naye alikuwa ameinua uso kusikiliza jibu, lile la buluu amelikumbatia tumboni.

"Langu," nikasema.

"Basi litunze," akasema baba. Akanirudishia, akavuta kiti karibu na rafiki yake, wakaendelea kubishana juu ya lehemu.